Harimu ya Bahari: Fidia ya Wavuvi wa Lamu na Upungufu wa Nadharia za Haki

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua shauri la Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, lililofunguliwa mwaka 2012 kupinga namna bandari ya Lamu ilivyokuwa ikiandaliwa na kujengwa. Majaji waliona kwamba wakazi walinyimwa haki ya kupata habari, haki ya mazingira safi na haki ya utamaduni, wakaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Rufaa ikafuata, kisha mazungumzo ya mapatano, ambamo mgawo wa asilimia 65 kwa fedha taslimu na asilimia 35 kwa zana na miradi ya uvuvi ulikubaliwa. Tangu hapo imeenea rai kwamba suala la haki Lamu sasa ni suala la malipo tu: lini, kiasi gani, na nani ameandikwa katika orodha. Makala hii inaipinga rai hiyo. Nadai kwamba kilichoharibiwa Lamu ni kitu ambacho nadharia kuu za haki za karne ya 20 hazina mahali pa kukiweka, na kwamba fiqhi ya Kishafii, iliyosomwa katika misikiti ya Lamu kizazi baada ya kizazi, ilikiwekea mahali pake zamani.

Juu ya ushirikishwaji wa wananchi sitakawia, kwa kuwa hapo hakuna ubishi wa maana. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inautaja miongoni mwa maadili ya taifa, uamuzi wa 2018 uliutegemea, na mwezi Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira liliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayetetea bandari na mtu anayeipinga wote husema leo kwamba wakazi walipaswa kuulizwa. Wanapoachana ni hapa: wakiulizwa, wana dai gani juu ya bahari?

Jibu la wachumi wa serikali, hata pale lisipotajwa kwa jina, limejengwa juu ya kipimo alichokipendekeza Nicholas Kaldor mwaka 1939, ambacho John Hicks alikiunga mkono mwaka huo huo. Mradi ni mwema iwapo watakaofaidika wanaweza kuwafidia watakaopata hasara na bado wakabakiwa na ziada. Kipimo hicho hakidai fidia ilipwe. Kinatosheka kwamba inawezekana kulipwa. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kwa kipimo hiki mradi ungehesabiwa mwema siku hiyo hata kama hakuna mvuvi aliyekuwa amepokea senti moja. Sioni jinsi mtu anavyoweza kuiita hii nadharia ya haki. Ni hesabu ya utajiri wa jumla, na wanaoitumia kunyamazisha malalamiko ya Lamu wanaazima heshima ya neno ambalo Kaldor mwenyewe hakulidai.

John Rawls ni mpinzani mzito zaidi, na sikubaliani na wenzetu wanaomfukuza mlangoni kwa hoja kwamba aliandika Marekani. Kitabu chake cha 1971 kinatutaka tuchague misingi ya jamii nyuma ya pazia la kutojua, bila kujua tutazaliwa tajiri au maskini, Siyu au Nairobi. Wazo hilo linaeleweka popote penye binadamu. Tatizo lake liko kwingine. Kanuni yake ya tofauti inaruhusu pengo la kipato na mali iwapo pengo hilo linawanufaisha walio chini kabisa. Sasa mtazame msanifu wa LAPSSET, mradi wa bandari hiyo na njia zake uliozinduliwa Lamu Machi 2012, akiishika kanuni hiyo mkononi. Atasema: njia ya kutoka bandarini inapita Garissa na Isiolo kuelekea Turkana na mpaka wa Ethiopia, kwenye wafugaji walio maskini kuliko wavuvi wa Lamu, basi Lamu ijitoe kwa ajili yao. Rawls angejibu kwamba uhuru wa msingi hauuzwi kwa faida ya kiuchumi. Lakini orodha yake ya uhuru wa msingi ina kura, dhamiri, kauli na mali binafsi. Kuvua katika maji ambayo mababu walivua hakumo. Kwa hiyo kanuni iliyobuniwa kumlinda mnyonge yaweza, mikononi mwa mpangaji hodari, kumwondoa mnyonge mmoja kwa jina la mwingine.

Robert Nozick, aliyemjibu Rawls mwaka 1974, huonekana kuwa kimbilio kwa sababu anakataa mtu atolewe kafara kwa faida ya wengine. Ila ulinzi wake unaanzia kwenye umiliki halali. Mvuvi anamiliki samaki aliyekwisha kumvua. Samaki wa kesho si wa mtu, na maji anamoogelea si ya mtu. Nozick amerithi kutoka kwa John Locke sharti kwamba anayejitwalia kitu cha wote asiwaache wengine katika hali mbaya zaidi, lakini yeye anaona sharti hilo limetimizwa mara wengine wanapofidiwa. Tumerudi kwenye hundi. Wenye mashamba ya Kililana, ambako bandari imejengwa, walihesabiwa ekari. Mvuvi hana ekari. Na kwa Ibara ya 62, bahari na sakafu yake ni ardhi ya umma, jambo linalompa mwanasheria wa serikali nafasi ya kuuliza kwa utulivu: huyu amepoteza nini ambacho kilikuwa chake?

Jibu linahitaji kuujua upepo wa kusi.

Msimu wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari ya nje ya miamba hutulia kiasi, na hata chombo kidogo cha tanga chaweza kutoka na kurudi. Kusi ikishika, kuanzia Aprili na kuzidi nguvu miezi ya Juni na Julai, mawimbi ya nje hayana msamaha. Wavuvi wengi wa Lamu hutumia mitumbwi, madau na mashua za tanga, nyavu, mishipi na madema. Miezi hiyo hawana pa kwenda isipokuwa maji ya ndani: Ghuba ya Manda, mkanda wa Mkanda, vijito vya mikoko na makao ya nyasi za bahari yaliyokingwa na visiwa vya Manda na Pate. Lamu ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya mikoko ya Kenya, na chini ya mikoko hiyo samaki wadogo, kamba na kaa hukua. Anayeokota kombe au kuchokoa pweza kwa miguu maji yakipwa hana hata chombo. Maji ya ndani ndiyo bahari yake ya mwaka mzima. Hayo ndiyo maji yaliyochimbuliwa ili meli kubwa zipate kina, na ndiyo yanayokatwa sasa na njia za meli.

Ukiipima hasara hii kwa kilo za mwaka, utaikosa. Chukua mvuvi aliyekuwa akipata sehemu kubwa ya samaki wake nje wakati wa kaskazi, na sehemu ndogo ndani wakati wa kusi. Mkadiriaji atasema amepoteza hiyo sehemu ndogo. Lakini sehemu ndogo ndiyo iliyomwezesha kubaki mvuvi. Asiyeweza kula miezi mitano hawezi kungoja kaskazi. Atauza chombo, ataondoka, au ataingia kwenye deni la mnunuzi wa samaki, na kaskazi itakaporudi atavua kwa masharti ya mwingine. Maji ya ndani yalikuwa sharti la kuwepo kwa uvuvi wenyewe. Zana za asilimia 35 haziondoi ugumu huu. Mashua kubwa yenye injini, inayoweza kukabili kusi, inataka mafuta, barafu na mabaharia. Itakuwa na mwenyewe mmoja na vibarua kadhaa, pale palipokuwa na watu waliokwenda baharini kila mmoja kwa chombo chake au kwa shirika na nduguye. Hapo haki imelipwa kwa kubadilisha mahusiano ya watu bila kuwauliza.

Amartya Sen, katika kitabu chake cha 2009 na maandishi yake ya awali juu ya uwezo halisi wa mtu, anakaribia jambo hili kuliko wenzake, kwa kuwa anauliza mtu anaweza kufanya na kuwa nini, badala ya kuuliza ana nini. Hata hivyo uwezo anaoupima ni wa mtu mmoja mmoja. Maji ya kusi ni ya mji.

Haki ya mji kama hiyo ina mahali pake katika fiqhi ya Kishafii. Minhaji, kitabu cha Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, ilikuwa miongoni mwa nguzo za masomo ya fiqhi pwani nzima. Katika mlango wa kuhuisha ardhi mfu, Nawawi anaeleza kwamba mtu anayeifufua ardhi isiyo na mwenyewe huimiliki, lakini hawezi kuimiliki harimu ya mahali palipokwisha kukaliwa. Harimu ni kile ambacho makazi hayatimii manufaa yake bila hicho. Kwa kijiji anataja mahali pa watu kukutania, uwanja wa farasi, mahali pa kupigisha ngamia magoti, hata jaa la majivu. Kwa kisima anataja nafasi ya anayeteka maji. Hakuna mwanakijiji anayemiliki jaa. Hakuna anayeweza kuliuza. Na hakuna mgeni anayeweza kulitwaa kwa hoja kwamba halina mwenyewe. Ni haki inayotokana na matumizi ya lazima, inashikwa na makazi, na haingoji hati.

Ghuba ya Manda wakati wa kusi ni harimu ya Lamu, Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Hilo ndilo dai langu.

Yupo atakayesema Nawawi alizungumzia nchi kavu. Ni kweli, lakini sababu ya hukumu yake ni kutimia kwa manufaa ya makazi, na sababu hiyo inafika baharini bila kulazimishwa. Atasema pia kwamba mtawala ana mamlaka ya kutenga eneo kwa maslahi ya umma. Mafaqihi wa Kishafii waliikubali hima, yaani kutenga huko, kwa sharti kwamba isiwadhiki watu katika malisho yao; sharti hilo ndilo lililokosekana Kililana. Pingamizi linalonigusa zaidi ni la tatu: kwamba mji wa Lamu haukuwa mji wa usawa, na waungwana walikuwa wakijisemea kuwa wao ndio mji. Abdul Hamid el-Zein, katika utafiti wake uliochapwa 1974, aliionyesha ngazi hiyo ya nasaba na utumwa bila kuificha. Lakini katika mji huo huo mwanachuoni Habib Swaleh aliwafundisha watoto wa watumwa na wa wageni, waungwana wakachukia, na Riyadha, msikiti wake, ikasimama. Harimu haimwulizi mtu nasaba yake. Anayetumia maji kwa lazima ya maisha yake ni mwenye haki nayo.

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la 1962 juu ya Ujamaa, naye alisema kwamba mtu ana haki ya kuitumia ardhi na si kuifanya bidhaa. Aliikabidhi dola ulezi wa haki hiyo. Yaliyotokea Lamu yananifanya nisite kumfuata hapo, kwani mlezi huyo ndiye aliyechimba.

Matokeo ya hoja hii kwa fidia ni mazito, ingawa sidai kwamba mahakama ya Kenya inaweza kuyatekeleza yote kesho. Orodha ya majina iliyofungwa wakati mmoja haiwezi kummaliza mwenye haki ambaye ni mji. Kijana wa Faza aliyekuwa mtoto kesi ilipofunguliwa ana dai lake, hata kama baba yake amelipwa. Mpango wa awali wa bandari ulikuwa na magati 32, na yaliyojengwa ni matatu ya mwanzo. Kwa yaliyobaki, swali la kwanza liwe maji gani ya kusi yatabaki wazi, mahali gani, chini ya usimamizi wa nani, na jibu lipatikane kwa wavuvi kabla mashine haijashushwa majini. Bei ije baada ya hapo, na pale ambapo hakuna maji mengine yaliyokingwa ya kuwapa, gati hilo lisijengwe.