Kabla Ununue ama Uokote Malkia wa Siafu, Jua Haya

Msee, huko Ulaya na Asia kuna watu wanafuga siafu kwa nyumba vile wewe unafuga kuku. Anayetafutwa sana ni Messor cephalotes, siafu mkubwa mwekundu wa hapa kwetu anayekusanya mbegu za nyasi. Malkia mmoja huuzwa zaidi ya dola 100.

Unasema ni mdudu tu? Ngoja. Mvua ikinyesha, malkia hutoka, anapandwa, halafu anatafuta pa kuchimba shimo lake. Mbegu aliyopata hapo itamtosha kutaga maisha yake yote. Saa hiyo ndiyo wanamuokota. Kwa hivyo hujabeba mdudu mmoja, umebeba kijiji kizima ambacho hakijazaliwa.

Mei 2025, korti ya JKIA ilipiga Wabelgiji wawili wa miaka 19, Mvietnamu na Mkenya faini ya milioni moja kila mtu, ama mwaka mmoja ndani. Wale Wabelgiji walinaswa na siafu kama 5,000, kwa vichupa vyenye pamba. Mkenya alipigwa sawa na wageni, so kumbuka hiyo siku utapigiwa simu uokote kwa doo kidogo.

Na kama uko majuu na unatamani kufuga, chukua wa huko huko. Wa kutoka Kenya, muulize muuzaji kibali cha KWS kiko wapi. Akianza story mingi, jitoe. Na ukichoka nao, tafadhali usiwamwage nje: hao hula mbegu, na jirani yako ana shamba.