Nanasi

Jana kwenye meza ya matunda hapa Mbweni nilimsikia mama akisema, “Mwanangu, nipe nanasi mbili.” Kijana akachagua, akakata maganda, kisha akazungusha kisu kimshazari kung'oa macho. Kila jicho lilianza kama ua. Maua yakaungana yakawa tunda moja.

Neno nanasi limesafiri mbali. Wenyeji wa Amerika Kusini wenye lugha za Kitupi na Kiguarani waliliita tunda hili nana. Wareno wakasema ananás, wakalieneza pwani za Afrika na Bara Hindi. Waswahili tukaiacha ile a ya mwanzo, tukatia i mwishoni, tukapata nanasi. Waingereza wao wakaliona kama tunda la msonobari, wakalipa jina la kwao. Sisi tumehifadhi sauti ya wenyewe, na hilo lanifurahisha sana.

Tena tulilipa ngeli kamili: nanasi, mananasi, mmea wake mnanasi, minanasi, ingawa si mti. Kwa hiyo nakusihi, msomaji: yakiletwa yaliyotoka Kiwangwa, usiseme nanasi mbili; agiza mananasi mawili, matamu, yaliyoiva.