Fischer au Fisher? Chimbuko la jina la Mjerumani aliyepita Umaasaini

KATIKA mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, umesimama mwamba mrefu wa volkeno ambao jina lake huandikwa kwa namna mbili: Fischer's Tower na Fisher's Tower. Tahajia sahihi ni ile ya kwanza.

Mwenye jina ni Gustav Adolf Fischer, daktari aliyezaliwa Barmen, Ujerumani, mwaka wa 1848. Alifika Unguja mwaka wa 1876, akawa tabibu huko. Mwaka wa 1883 msafara wake uliotoka Pangani ulipita karibu na Ziwa Natron, kusini mwa Magadi, ukafika Naivasha. Hapo morani wakamzuia asisonge mbele. Alifariki Berlin mwaka wa 1886.

Kwa Kijerumani, Fischer ni mvuvi. Majina mengi ya ukoo huko yalitokana na kazi, na kwa kuwa wavuvi walikuwako kila penye mto au ziwa, jina hili lilizuka mahali pengi, pasipo undugu wowote. Leo ni miongoni mwa majina manne yaliyoenea zaidi Ujerumani. Waholanzi husema Visser, nao wasomi wa karne ya 16 walipenda kujiita Piscator, kwa Kilatini.

Wajerumani waliohamia Marekani wengi wao walipoteza ile "c". Makarani waliandika walichosikia. Wengine walijibadilishia wenyewe, hasa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Ujerumani ilipochukiwa. Tatizo ni kwamba Waingereza nao wana Fisher yao ya asili. Hivyo anayetafuta nasaba asitegemee tahajia pekee. Ni heri apekue vitabu vya ubatizo na orodha za abiria wa meli, kwa tahajia zote, hadi apate kijiji walikotoka wazee wake.

Wakazi wa Kajiado hawatastaajabu, maana jina la mji wao latokana na Olkeju-ado, yaani mto mrefu, na Kitengela hadi leo wengine huiandika Kitengella. Fischer mwenyewe, katika taarifa ya safari yake iliyochapishwa Hamburg mwaka wa 1885, aliandika "Massai" kwa "s" mbili, kwa sababu Mjerumani akiona "s" moja kati ya irabu huitamka "z".