King Kong (filamu ya 2005)

King Kong ni filamu ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Peter Jackson wa New Zealand. Ni toleo jipya la filamu ya mwaka 1933 yenye jina hilohilo. Iligharimu takriban dola milioni 207 za Marekani, ikaingiza zaidi ya milioni 550 duniani.

Watazamaji waligawanyika hasa juu ya urefu wake. Filamu ya kwanza ni ya dakika 100 hivi. Hii ni ya dakika 187, na Kong haonekani mpaka saa moja na zaidi ipite. Wengi walisema safari ya meli imevutwa mno. Lawama nzito zaidi ni namna wenyeji wa Kisiwa cha Fuvu walivyoonyeshwa kama washenzi wasio na utu.

Hata hivyo, walionung'unika nao walimsifu Kong. Aliigizwa na Andy Serkis, aliyekwenda Rwanda kuwatazama gorila wa milimani, na macho ya mnyama huyo yaliwaliza wengi katika tukio la mwisho juu ya jengo la Empire State. Filamu ilipata tuzo 3 za Oscar, mbili zikiwa za sauti.

Mwaka 2006 lilitolewa toleo refu zaidi, la dakika 200 hivi.