Watu Walioitwa Pima

Neno "pima" kwetu halihitaji kamusi. Fundi nguo hupima, daktari hupima, mama sokoni hupima mahindi kwa gorogoro. Kwa hivyo niliposoma mara ya kwanza kwamba kuna jamii ya wenyeji wa asili huko Arizona, Marekani, inayoitwa Pima, na kwamba inajulikana duniani kote kwa kupimwa sukari, nilidhani kuna mtu ananichezea. Kumbe jina hilo halina undugu wowote na Kiswahili. Simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba Wahispania walifika, wakauliza maswali kwa lugha isiyoeleweka, na wenyeji wakajibu kwa lugha yao neno la kusema "sijui". Wageni wakaandika jibu hilo kama jina la kabila. Wenyewe wanajiita Akimel O'odham, yaani watu wa mto.

Nitaanza na huo mto. Ukianza na sukari, utaishia kuwalaumu watu wasiostahili lawama.

Mto Gila unapita katikati ya jangwa. Kwa karne nyingi watu hawa na waliowatangulia walichimba mifereji na kuyatoa maji mtoni hadi mashambani. Walilima mahindi, maboga, pamba na aina ya maharagwe madogo yanayovumilia ukame. Wahispania walipoleta ngano, wakalima na hiyo pia. Mwaka 1849, maelfu ya watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu California, wengi walipita hapo wakiwa hoi, na chakula walichonunua kilitoka kwa wakulima hawa. Baadaye jeshi la Marekani nalo likanunua ngano yao. Yaani tunazungumzia watu wa jangwani waliokuwa na ziada ya kuuza.

Mwaka 1859 serikali iliwatengea eneo lao rasmi. Ardhi iliwekewa mipaka, lakini maji hayakulindwa. Walowezi weupe walijenga makao upande wa juu wa mto na kuanza kuuelekeza kwenye mashamba yao. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880, baada ya mfereji mkubwa kuchimbwa karibu na mji wa Florence, kilichofika kwa Akimel O'odham kilikuwa mchanga tu. Ukame wa miaka ya 1890 ukamalizia. Watu waliokuwa wakilisha wasafiri wakaanza kukata miti ya jangwani na kuiuza kama kuni ili wapate kula.

Baada ya njaa ukaja msaada. Unga mweupe, sukari, mafuta ya nguruwe, nyama ya mkebe. Si unajua unga na mafuta vikikutana ni nini hutokea? Kwa wenyeji wengi wa Marekani ulizaliwa mkate wa kukaangwa, ndugu wa mbali wa mandazi yetu. Leo wengine wanauona kama chakula cha asili, ingawa asili yake ni gunia la serikali. Wazazi wetu waliokula mahindi ya manjano ya msaada wakati wa ukame wa 1984 wanajua kwamba mtu mwenye njaa hachagui. Tofauti ni kwamba yetu yalipita, na mvua ikarudi. Mto Gila haukurudi.

Sasa tuje kwa sukari. Mwaka 1940 daktari maarufu wa kisukari kutoka Boston, Elliott Joslin, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake Arizona. Miongoni mwa Wapima alipata wagonjwa 21, akaona hawana tofauti kubwa na Wamarekani wengine. Kuanzia 1965 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani ikaanza kuwapima kwa utaratibu, kila mtu kuanzia umri wa miaka 5, kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1971 watafiti walitangaza kwamba karibu nusu ya wenye miaka 35 na zaidi walikuwa na kisukari. Hakuna jamii nyingine duniani iliyokuwa imewahi kurekodiwa na kiwango kama hicho. Kutoka 1940 hadi 1971 ni miaka 31, kizazi kimoja tu. Hata tukikubali kwamba Joslin hakuwa na vipimo vizuri, damu ya kabila zima haibadiliki kwa kasi hiyo.

Hata hivyo, maelezo yaliyopata umaarufu yalikuwa ya damu. Mwaka 1962 mtaalamu wa jenetiki James Neel alipendekeza kwamba huenda baadhi ya watu walirithi jeni "bahili", linaloweka akiba ya mafuta mwilini kwa ajili ya siku za njaa, ambalo siku za shibe linageuka kuwa adui. Wapima wakafanywa mfano mkuu wa nadharia hiyo, ingawa Neel mwenyewe baadaye alikiri kwamba ushahidi alioanza nao ulikuwa umeporomoka. Ni hadithi tamu, maana haina mkosaji. Ukisema ni jeni, hakuna anayeulizwa mto ulienda wapi.

Ushahidi niliouona mzito zaidi ulitoka Mexico. Katika milima ya Sonora, sehemu iitwayo Maycoba, wanaishi Wapima wengine, jamaa wa karibu wa hawa wa Arizona kinasaba. Mwaka 2006 utafiti uliowalinganisha ulichapishwa. Arizona, asilimia 38 ya watu wazima walikuwa na kisukari. Maycoba, ambako watu bado walilima kwa mikono na kula walichovuna, ilikuwa asilimia 6.9. Jeni lina mchango wake, sikatai. Lakini ukoo ni mmoja, na maisha ndiyo yaliyotofautiana.

Na hapa ndipo hadithi inapotufikia sisi. Ukienda kliniki Nairobi asubuhi kabla ya kula, ukapimwa sukari na ikafika 7.0, utaambiwa una dalili ya kisukari na upimwe tena kuthibitisha. Umewahi kujiuliza kwa nini 7.0? Namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Watafiti walichungulia ndani ya macho ya watu na kuona sukari ikifika kiwango gani mishipa midogo ya damu huanza kuharibika. Jopo la Wamarekani lililoshusha kiwango hadi 7.0 mwaka 1997 lilitegemea takwimu za makundi matatu: Wamisri, Wamarekani kwa jumla, na Wapima. Kila Mkenya anayepimwa leo anasomewa majibu kwa msaada wa macho ya watu wa mto Gila. Wengi wetu hatujawahi kusikia jina lao.

Kupimwa si sawa na kutibiwa, wala si sawa na kuheshimiwa. Wajirani wao Wahavasupai wanaishi chini kabisa ya bonde kuu la Grand Canyon, mahali ambapo hadi leo barua hushushwa kwa nyumbu. Kuanzia 1990 walitoa damu kwa watafiti wa chuo kikuu wakitumaini kusaidiwa na kisukari. Baadaye waligundua kwamba damu hiyo ilitumika kuchunguza mambo mengine ambayo wanasema hawakuyakubali, kama magonjwa ya akili na asili ya kabila lao. Walienda mahakamani, na mwaka 2010 wakalipwa fidia na kurudishiwa damu yao.

Kilichosaidia kweli kilikuwa kitu cha kawaida mno. Mwaka 1997 bunge la Marekani lilianzisha mfuko maalumu wa kisukari kwa wenyeji wa asili, na jamii zenyewe zikapewa nafasi ya kuamua zitautumiaje. Watu walipimwa figo mapema, wakapewa dawa za presha zinazolinda figo, wakafuatwa hadi nyumbani. Kati ya 1996 na 2013, figo kufeli kwa sababu ya kisukari miongoni mwa watu wazima wa jamii hizo kulipungua kwa asilimia 54. Hapakuwa na jeni lililotengenezwa maabara. Walikuwapo wahudumu wanaojua majina ya wagonjwa wao, na pesa zilizofika kila mwaka.

Na maji? Mwaka 2004 sheria ilipitishwa iliyowapa watu wa Gila River haki ya takriban mita za ujazo milioni 800 kwa mwaka. Ilichukua zaidi ya karne. Mashamba yanafufuka, maharagwe ya zamani yanapandwa tena, ingawa kisukari hakijaondoka na waliokatwa miguu hawataoteshewa mingine.

Ndiyo maana nikisikia mtu hapa Kenya akisema kwamba watu wa jamii fulani wanaugua kwa sababu hawajui kula, huwa namuuliza kwanza walikuwa wakilima nini, na ardhi na maji yao sasa viko mikononi mwa nani. Sukari tunajua kuipima. Hayo mengine hayapimwi kliniki.