Maneno ya Kiafrika katika Ubao wa Scrabble

Aghalabu ushahidi wa ukopaji wa maneno hutafutwa katika maandishi ya wasafiri na wamisionari. Makala haya yanautafuta katika mchezo. Scrabble ilibuniwa na Mmarekani Alfred Butts katika miaka ya 1930, ikapewa jina hilo mwaka 1948. Wachezaji huunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi vyenye alama mbalimbali, na kamusi ndiyo mwamuzi: neno lisilokuwamo huondolewa.

Maneno ya Kiafrika yaliyokubaliwa katika mchezo wa Kiingereza yana matabaka matatu ya historia. La kwanza ni la wanyama na wadudu: "gnu", yaani nyumbu, na "quagga" kutoka lugha za Kikhoisan, "tsetse", yaani mbung'o, kutoka Kitswana. Quagga wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883, lakini jina lake lingali likimpa mchezaji alama 17. La pili ni la misafara na ukoloni: "safari", "askari", "bwana", "kanzu". La tatu ni la kujitawala: "uhuru", pamoja na "kwacha" na "ngwee", fedha za Zambia tangu 1968. Mswahili hakosi kuona udugu wa "kwacha" na "kumekucha".

Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili hana haki ya pekee juu ya maneno hayo. Akiandika "maaskari", neno lake litaondolewa, "askaris" litapokewa. Hapana sababu ya kulalamika. Sisi wenyewe tulilipokea "askari" kutoka Kiarabu tukalipa wingi wetu, na silabi ya kwanza ya "kitab" tukaifanya kiambishi, tukapata "vitabu". Lugha hukopa neno bila ya kukopa sarufi yake.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni hesabu ya herufi. Butts alizihesabu katika magazeti ya Kimarekani. Kwa hiyo mchezo wa Kiingereza una K moja tu na U nne. Neno "uhuru" humaliza U tatu, na "kuku" haliandikiki pasipo kipande kitupu. Anayetaka kuwachezesha wanafunzi wake kwa Kiswahili hana budi kuanza upya, kwa kuhesabu herufi katika maandishi ya Kiswahili chenyewe. Hiyo ni kazi ya idara kama zetu.