Kamera mpya ao jicho la mpiga picha? Historia ya Kongo inajibu

Katika miji na kambi za wahami mashariki mwa Kongo, kijana anayepiga picha za harusi, ubatizo na matanga huulizwa kwanza: kamera yako ni ya mwaka gani? Wengine wanachukua deni ili wanunue mpya, wakiamini kwamba bila hiyo hakuna kazi. Historia ya inchi inatoa jibu lingine.

Tarehe 14 Mei 1904, Nsala, mkaaji wa Wala, alifika kwenye misheni ya Baringa, katika eneo la Équateur, akibeba kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye umri wa miaka kama mitano. Walinzi wa ABIR, kampuni ya mpira, walikuwa wamemuua mtoto huyo pamoja na mama yake. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimwomba Nsala akae barazani, akampiga picha akiangalia kilichobaki cha mtoto wake.

Kamera ya wakati ule haikuwa na rangi, na mpiga picha hakuona kitu mpaka picha ioshwe kwa dawa. Lakini mwaka ule ule picha hiyo ilitoka katika kitabu cha E.D. Morel. Baadaye ilionyeshwa ukutani, kwa vioo na taa, mbele ya mikutano ya watu Uingereza na Marekani. Mwaka 1905 mwandishi Mark Twain alitunga kijitabu ambamo Mfalme Leopold wa Pili analalamikia kamera, kwa kuwa ni shahidi asiyekubali hongo. Mwaka 1908 Leopold aliachia Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Picha hazikufanya kazi hiyo peke yake. Kulikuwa na ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904, na ushuhuda wa Wakongomani wenyewe waliosimulia waliyotendewa. Lakini picha ya Nsala ilikuwa na nguvu kwa sababu jina lake lilijulikana, kwao kulijulikana, na siku ilijulikana. Nani angeweza kusema ni uongo?

Miaka hamsini baadaye, Kinshasa ilipata shahidi wa namna nyingine, shahidi wa furaha. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 ili apate kumbukumbu ya harusi yake. Wakati huo alikuwa akiishi kwa kazi za mikono, kama kutengeneza baiskeli na saa. Mwaka 1954 mwanamuziki Franco alimchagua awe mpiga picha wake. Leo mtu akitaka kuona Kinshasa ya rumba, baa zake na vijana wake waliovaa vizuri, anatafuta picha za Depara. Alijua wapi pa kusimama, na watu walimwamini.

Ni kweli, vyombo vina maana. Katikati ya karne ya 19, mpiga picha alilazimika kupaka kioo dawa na kukiosha palepale kabla hakijakauka. Mashambulizi mengi yasingepata shahidi kwa njia hiyo. Depara naye bila taa ya flashi asingefanya kazi usiku. Anayepiga picha za mpira wa miguu ao za gizani anahitaji chombo kinachoweza kazi hiyo. Lakini chombo kinachotosha ni kitu kimoja, na chombo kipya kabisa ni kitu kingine.

Kwa familia zilizokimbia na kuacha nyumba pamoja na picha za wazazi, jambo hili si la biashara tu. Simu ya zamani inatosha kutunza sura ya bibi, shamba lililoachwa, ao mtoto aliyezaliwa kambini. Cha lazima ni kuomba ruhusa ya anayepigwa, kuandika jina, mahali na tarehe, na kuweka nakala kwa ndugu mwingine. Ikiwa jina linaweza kumletea mtu hatari, lifichwe mpaka siku ya usalama.

Kamera iliyompiga Nsala ilipitwa na wakati zamani sana. Jina la Boali lingali linatajwa.